Mama Jamila, hiyo Septrin usiiache

Mama Jamila dada yangu,

Salaam aleikum. Za Arua, watoto hawajambo, na mzee mguu umepoa? Sisi huku Tororo tupo, mvua imeanza na mbu nao wameanza, na tangu ile simu yako ya Jumapili sijalala vizuri. Nilitaka kukujibu palepale lakini sebuleni kulikuwa na watu nikanyamaza, sasa acha nikuandikie.

Ulisema Septrin, hii antibiotiki tunayomeza kila siku kukinga magonjwa, umeacha, huu mwezi wa tatu, ati ARV za kuzuia virusi vya UKIMWI unameza, virusi havionekani kwenye kipimo, kwa hiyo ile ya nini tena, na kituoni nako kila ukienda wanakwambia imeisha rudi wiki ijayo. Hiyo ya wiki ijayo naijua jamani. Mwaka jana nilizungushwa hivohivo mara mbili, hela ya boda kwenda na kurudi ikapita bei ya dawa yenyewe dukani. Inauma sana. Dawa ya zamani, rahisi, viwanda vingi vinaitengeneza, halafu ndo hiyo inakosekana kabatini wakati zile za gharama zipo! Mi naona shida ni kwamba imezoeleka, kila mtu anaijua ni ya kikohozi na kuhara, basi wanaona haiwezi kuwa na kazi kubwa kwetu sisi.

Sasa wewe ulikaa huku, unakumbuka wale watafiti waliokuwa wanapita nyumba kwa nyumba vijijini kuuliza nani kaumwa homa, nani kaharisha, miaka ile ARV hazijatufikia? Majibu yao yalitoka 2004. Walifuatilia watu 509 wenye virusi na wengine 1522 wasio navyo wa nyumba hizohizo. Wale wenye virusi walipoanza kumeza Septrin kila siku vifo vilipungua kwa asilimia 46, malaria ikapungua kwa 72, kuhara kwa 35. Na hapo ARV hakuna, ni hiki kidonge tunachokidharau. Halafu kitu ambacho hakinitoki kichwani, hata watoto wa nyumba zile wasio na virusi, ambao hawakumeza chochote, nao vifo vyao vilipungua. Mimi nikiwaza naona ni kwa vile mama akiwa na nguvu zake mtoto anakula, anaogeshwa, anapelekwa kupimwa mapema. Niliwaza Jamila na wadogo zake hapo, nikalia kidogo.

Utaniambia siku hizi ARV zipo. Sawa, lakini watafiti wengine walilipima hilo pia, hapa Uganda na kule Zimbabwe, kwa watoto waliokuwa kwenye ARV zaidi ya wiki 96. Wengine wakaachishwa Septrin wengine wakaendelea, na walioachishwa ndo walilazwa hospitali zaidi, malaria na maambukizi mengine, ilichapishwa 2014. Mwaka huohuo Shirika la Afya Duniani likasema kwenye nchi zenye malaria nyingi au bakteria wengi wabaya mtu aendelee hata kama CD4, zile chembe za kinga mwilini, imepanda. Na Arua kwa malaria unaijua kuliko mimi! ARV inamshika kirusi, Septrin inazuia nimonia, ile tokso inayopanda kwenye ubongo, na hiyo malaria yenyewe. Kama daktari ndo angeangalia vipimo vyako akasema simama, nisingekuandikia. Ila umesimama kwa sababu kabati lilikuwa tupu, hiyo si sababu.

Kitu kingine angalia vidonge unavyopewa. Dozi ya mtu mzima ni miligramu 960 kwa siku, kikiwa kile kikubwa unameza kimoja, ukipewa vidogo vya 480 ni viwili kwa mara moja. Huku kuna jirani yangu alibadilishiwa bila kuambiwa akawa anameza nusu dozi miezi yote ile. Na maji kunywa ya kutosha. Ukiona vipele, ngozi inachubuka au mdomo unatoka vidonda, hapo acha siku hiyohiyo ukimbilie kituoni, kuna watu miili yao inakataa salfa na si mchezo.

Halafu mdogo wako mwenye mimba, mwambie kliniki ya wajawazito aseme wazi kwamba anameza Septrin, maana mtu aliye kwenye Septrin kila siku hapewi tena ile Fansidar ya kukinga malaria, zote zina salfa. Najua anaogopa kusema mbele ya foleni, basi amwite nesi pembeni. Na mtoto akizaliwa, kati ya wiki ya 4 na ya 6 naye anaanzishwa Septrin ya maji, asingojee mpaka mtoto augue.

Nimekutumia hela kwa simu, ya mwezi mmoja, ni ya dawa tu, usinunue sukari nakujua. Ila kabla ya kuinywa tena pita umwone muuguzi, mwambie ukweli kwamba uliacha miezi mitatu, na muulize kwa nguvu shehena itafika lini, ukiweza nenda na wenzako wawili watatu wa kikundi, mtu mmoja wanamrudisha kirahisi. Ukishanunua piga picha ya paketi unitumie nione kama ni 960 au 480.

Nisalimie mzee na Jamila.

Wako,
Mama Rashidi