Mwanangu, kuhusu zile muvi zako za bunduki

Salim mwanangu,

Salamu nyingi, huku wazima, babako mguu bado wamsumbua lakini msikitini afika. Nimesoma ujumbe wako ati kwa ile kazi ya chuo umechagua muvi za action zenye mambo ya siasa na wakimbizi, na ati mwalimu amewaambia muvi za bunduki haziwezi kufundisha mtu kitu. Mimi hapo sikubaliani naye. Waite watu semina ya haki za binadamu uone kama watakaa masaa mawili bila soda, lakini weka stelingi na helikopta hakuna atakayeinuka hata kwenda msalani. Vita vya Sierra Leone mimi nilikuwa nikiviskia redioni tu, vyaingia sikio hili vyatokea lile, mpaka nilipoona Blood Diamond na yule baba mvuvi, Djimon Hounsou, anachukuliwa kwenda kuchimba almasi na mwanawe anafanywa askari, basi tangu siku hiyo nikipita duka la sonara naangalia pete kwa jicho jengine. Ila usije ukaandika ati muvi ndiyo iliyoleta ule mpango wa Kimberley, wa vyeti vya kuzuia almasi za vita zisiuzwe. Mpango ulianza 2003, muvi imetoka 2006.

Sasa kitu nataka ukiangalie wewe ni hiki, kwenye kila muvi nani amepewa jina na nani anakufa tu. Chukua Black Hawk Down ya 2001. Mogadishu, Oktoba 1993, askari wa Marekani walipigana na wanamgambo wa Kisomali, Wamarekani 18 walikufa na kila mmoja utamjua uso, Wasomali walikufa mamia na pale wanatoka kila pembe kama siafu, hakuna mama, hakuna duka, hakuna mtu anayepika. Na imepigwa Moroko wala sio Somalia. Na miaka hiyohiyo ya vita sisi Mombasa tulikuwa na wakimbizi wa Kisomali kambini Utange, wengine Wabarawa, watu wa mji wa Barawa, Kiswahili chao twaelewana, watoto wao twacheza nao. Kwa hivyo mimi nikiitazama ile yaniuma kidogo hata kama mapigano yamepangwa vizuri, na yamepangwa vizuri kweli.

Halafu njoo kwa hii inayotuhusu, Captain Phillips ya 2013. Ile meli, Maersk Alabama, ilikuwa yaja kwetu Mombasa, Aprili 2009, ndani kuna chakula cha msaada, ikatekwa na maharamia wanne wa Kisomali. Wale mabaharia walifika Kilindini nahodha wao akiwa bado ameshikwa kwenye boti huko baharini, kesho yake ndio wanajeshi wa Marekani wakapiga risasi maharamia watatu na nahodha akatoka. Yule wa nne, Muse, kijana mdogo tu, alipelekwa New York akafungwa zaidi ya miaka 33. Hii muvi naiheshimu sababu yule mwigizaji, Barkhad Abdi, amemfanya yule kijana awe mtu, mwembamba vile, unaona ana wakubwa wake huko pwani wanaongoja pesa na yeye hawezi kurudi mikono mitupu. Lakini yale ya serikali kuanguka 1991 na meli za nje kuja kuvua samaki wa watu bila kuulizwa, yamepitishwa haraka kama tangazo la sabuni.

Na hapa ndipo nataka uandike mwanangu, usiache. Miaka minne kabla ya hiyo, Juni 2005, ilitekwa MV Semlow, imepakia mchele wa msaada tani 850 wa kupelekea Wasomali waliopigwa na tsunami. Nahodha Msri Lanka, injinia Mtanzania, waliobaki wanane Wakenya. Walishikiliwa zaidi ya miezi mitatu, hawakuletewa snaipa yoyote, hakuna rais aliyeamka usiku kwa ajili yao. Muvi yao iko wapi? Mjombako wakati huo alikuwa kwenye meli nyengine ndogo ya kupeleka mahindi huko huko, na nyanyako alikuwa akilala na ile redio kifuani, habari ikisomwa akishtuka anauliza wamesema meli gani, wamesema meli gani, na sisi twamwambia sio hiyo mama lala. Mshahara wenyewe wallahi ukiuskia utacheka.

Ukitaka mfano wa vile inavyoweza kufanywa tazama Eye in the Sky ya 2015. Najua, Eastleigh gani ile yenye wanamgambo na gari la bunduki barabarani, watu wa Nairobi walicheka, na hata haikupigwa Nairobi, imepigwa Afrika Kusini. Lakini kuna mtoto wa kike anauza mkate nje ya ile nyumba ya wanamgambo ambayo Waingereza na Wamarekani wanataka kuilipua kwa ndege isiyo na rubani, na wakubwa Uingereza wanapigiana simu nani aseme piga, na huyohuyo Barkhad Abdi anatumwa akanunue mikate yote ili mtoto aende zake nyumbani. Muvi nzima imesimama juu ya meza ya mkate! Mkono wangu ulikuwa jasho tupu na hakuna hata ngumi iliyorushwa. Na mwisho wale wanamgambo ndio wanaoitoa bunduki kwenye gari lao ili mtoto apate pa kulazwa apelekwe hospitali, hapo niambie adui ni nani.

Kwa hivyo ukija Idi usije na kamera mkononi, mjombako akiona kamera ataanza kujisifu tu. Kaa naye baraza jioni akiwa na kahawa yake umuulize walikuwa wakila nini melini na nani alikuwa akilia usiku. Akikataa kuna wenzake Likoni wawili wanapenda kuongea kuliko yeye, ntakupeleka mimi. Na nenda pia kwa wake zao, hao hawajawahi kuulizwa na mtu. Nauli ya treni ntakutumia Ijumaa, usiende ukanunulia bando.

Mamako