Pimeni mzigo, msipekue kapu

Ndugu Mhariri,

Nilikata tiketi kwenye kivuko cha Pangani kwa miaka 14, nikivusha watu kutoka mjini kwenda Bweni na kuwarudisha, kabla sijahamia Tanga mjini na kufungua steshenari ndogo hapa Ngamiani. Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo moja kuhusu mabando ya simu. Mabishano ya nani aisimamie intaneti nimeyasoma mengi, ila sijaona mtu akiyashusha hadi kwetu sisi tunaonunua bando la shilingi 500.

Mwaka jana, majina ya waliochaguliwa kidato cha tano yalipokuwa yametoka, alikuja dukani binti mmoja kutoka Kigombe pamoja na mama yake. Akaniamkia, akatoa cheti cha kuzaliwa, akaomba nakala 2. Anakwenda Dar es Salaam kwa shangazi kutafuta kazi. Nikamuuliza, mbona majina yametoka, wewe umeangalia? Akainamisha kichwa. "Mimi simo, babu. Nimejaribu siku 3, kwangu hakufunguki."

Simu ilikuwa ya mama, na ndani yake mlikuwa na bando la WhatsApp peke yake. Kiungo cha tovuti ya TAMISEMI, ofisi ya Serikali inayotoa majina hayo, kilitumwa kwenye kundi la darasa lao. Kila akikigusa kiduara kinazunguka, kinazunguka, kisha kioo kinabaki cheupe. Wenzake wakiandika kundini "nimepata", yeye anatazama weupe. Mtoto wa watu akajihesabia kwamba wanaofunguliwa ndio waliochaguliwa.

Nikaketi kwenye kompyuta, nikatafuta mkoa, wilaya, shule. Jina lake lilikuwapo. Zilikuwa zimebaki siku 4 kuripoti. Nikachapa fomu ya kujiunga, kurasa 9, na mama akakaa kwenye benchi kiganja kikiwa mdomoni, hasemi neno. Najiuliza mpaka leo wako wangapi waliobaki Kigombe, Mwarongo, Moa, ambao hawakuwa na haja ya nakala siku ile.

Kivukoni tulikuwa na ubao wa nauli. Mtu nauli yake, baiskeli yake, pikipiki yake, lori kwa ukubwa wake, mbuzi naye ana bei yake. Hatukumuuliza mama kapuni mna nazi au dagaa, wala anakwenda nyumba ya nani huko ng'ambo. Lau mwenye duka mmoja wa Bweni angetulipa ili wateja wake wavuke kwa bei ya kutupa, na wanaokwenda maduka mengine waachwe ukingoni juani, watu wangetukusanyikia hapo kivukoni na sisi tusingekuwa na la kujitetea. Chombo ni cha njia ya wote.

Kwenye mtandao jambo hili lina jina. Mwalimu wa sheria wa Marekani, Tim Wu, ndiye aliyelipatia jina hilo mwaka 2003, nasi kwa Kiswahili tunaweza kuliita usawa wa mtandao: kampuni inayokuuzia intaneti ibebe kila kitu kwa masharti mamoja, isiharakishe tovuti hii na kuichelewesha ile, isiuze hii rahisi na ile ghali. Wazo lenyewe ni la zamani, limetoka kwenye reli na simu za waya. Huko kwao wamevutana mno. Mwaka 2015 waliweka kanuni, Desemba 2017 wakaziondoa, Aprili 2024 wakazirudisha, na Januari 2025 mahakama ya rufaa ikazitupa. Sasa wanaolindwa ni wa majimbo yenye sheria zake, kama California.

Mimi nimetazama zaidi India, kwa sababu hali yao inafanana na yetu. Facebook ilikuwa na mpango wa kuwapa watu wa kipato cha chini tovuti chache bure, zilizochaguliwa. Ulianza Zambia mwaka 2014, na mwaka huohuo ukafika Tanzania. Ulipofika India wananchi waliandikia mamlaka yao ya mawasiliano kwa wingi mno, na tarehe 8 Februari 2016 mamlaka ile ikapiga marufuku kuuza data kwa bei tofauti kulingana na kinachotazamwa. Na si kwamba India haina maskini. Walikataa maskini kupewa intaneti yake pembeni, yenye ukuta.

Sasa niseme la upande wa pili, maana nimebishana nalo usiku na mchana. Jirani yangu, mama mmoja, anauza samaki, anachukua mzigo soko la samaki la Deep Sea alfajiri, anapiga picha za changu na kolekole, anawatumia wateja wake Raskazone kwa WhatsApp. Nilipomweleza haya alinikasirikia. "Kaka, hilo bando unaloliona baya ndilo linalosomesha wanangu. Wakilifuta mimi nitanunua lipi?" Sikuwa na jibu siku ile. Bando lake la wiki anaweza kulimudu, la intaneti kamili linamshinda au linaisha Jumatano. Mtu asije akanisoma hapa akadhani nataka mama yule anyang'anywe.

Ila nimefikiri. Kinachomsaidia yeye ni bei ndogo. WhatsApp ni huko tu bei ndogo ilikowekwa. Kama kampuni inaweza kubeba picha zake za samaki kwa shilingi kidogo, basi inaweza kubeba ukurasa wa majina ya wanafunzi, ambao ni maandishi matupu, kwa shilingi hizohizo. Uzito ni MB, na MB ni MB popote zinapokwenda. Mpeni bando dogo la bei ileile, achague mwenyewe alitumie wapi. Akitaka kulimaliza lote kwa picha za kolekole, ni lake.

Wapo walioniambia suluhisho ni tovuti za elimu na afya nazo ziwe bure. Nia yao naiheshimu, lakini hapo tumerudi kwenye orodha, na orodha ina mwenye kuiandika. Tovuti ya shule ya kata itaingia? Gazeti lako hili, Mhariri, litaingia? Kijana wa Makorora aliyetengeneza tovuti ya kuuza machungwa ya Muheza atamwendea nani aingizwe?

Kampuni husema pia kwamba lazima waongoze msongamano. Hilo nalikubali, nimeongoza foleni ya kivuko siku za sikukuu na najua maana yake. Sisi tulikuwa na wa kupita mbele: gari la wagonjwa, au mjamzito anayekimbizwa hospitali. Nimeona watu waliosubiri saa nzima wakirudisha baiskeli nyuma wenyewe, bila kuambiwa, ili mgonjwa apite. Walikubali kwa sababu sharti lilijulikana na wote na halikununuliwa na mtu. Sheria ya Ulaya inayotumika tangu Aprili 2016 inaruhusu kuongoza msongamano kwa sababu za kiufundi, ila isiwe kwa sababu za kibiashara. Na mambo yakiachwa bila sharti lolote, mnajua yaliyotokea California mwaka 2018: wazima moto walikuwa wakipambana na moto mkubwa wa msitu, intaneti ya gari lao la mawasiliano ikapunguzwa kasi kwa sababu walikuwa wamepita kiwango cha data. Kampuni baadaye ikasema lilikuwa kosa la huduma kwa mteja. Mgonjwa alikuwa kivukoni na mkata tiketi akamrudisha kwenye foleni.

Kwa hiyo nataka usimamizi, na kwa hapa kwetu wa kusimamia ni TCRA, mamlaka ya mawasiliano. Kelele zikisikika, mambo huwezekana. Aprili 2021 bei mpya za vifurushi zilipotoka nchi nzima ililalamika, na Serikali ikazisitisha. Mamlaka ni hiyohiyo na sheria ipo.

Lakini siwezi kuishia kwa kampuni nikanyamaza kuhusu Serikali. Tarehe 29 Oktoba 2025 intaneti ilizimwa nchi nzima, ikakaa siku kadhaa. Mimi nilijua kwa kuona kiduara kilekile cha yule binti, safari hii kwenye kompyuta yangu niliyoilipia bando kamili. Kijana aliyekuwa na maombi ya kazi ya kutuma aliketi kwenye benchi lilelile mpaka jioni, akarudi kesho yake, akarudi kesho kutwa. Miezi michache kabla, Mei, mtandao wa X nao ulikuwa umefungwa. Kivuko chetu kilisimama mara nyingi, kwa injini, kwa maji, kwa matengenezo. Kila mara tulibandika tangazo lenye sababu na siku, na mkuu wa kituo alisimama pale apate kuulizwa. Alitukanwa sana, maskini, lakini alisimama.

Naomba basi kanuni inayomkataza mwenye kampuni kuchagua nani avuke imfunge na mwenye mamlaka. Kufunga mtandao kuwe kwa amri ya mahakama, kwa maandishi, sababu itajwe, na siku ya kufungua itajwe. Kuzizuia kampuni kubagua na wakati huohuo kuwa na swichi ya kuzima mtandao wote bila kuulizwa, sioni vinakaaje pamoja.

Kwa kampuni nina ombi dogo ambalo halihitaji Bunge. Mtu akiwa na bando la WhatsApp akagusa kiungo cha nje, msimwachie weupe. Mwandikieni kwa Kiswahili: bando lako halifungui tovuti hii, tovuti yenyewe iko hewani. Maneno machache hayo. Majina ya kidato cha tano ya mwaka huu yatatoka tena, na watoto watagusa kiungo kwenye simu za mama zao. Nimebandika karatasi mlangoni kwangu: kuangalia jina ni bure, njoo hata kama simu yako imekataa. Ila duka langu liko Ngamiani, na Moa ni mbali.

Mkata tiketi wa zamani,
Ngamiani, Tanga