Kwa nini hamira huitupa alkoholi

Tanga

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie wewe na wote wa nyumbani. Sisi huku hatujambo.

Uliniuliza hivi: alkoholi ikitenganishwa na tembo la mnazi huwaka moto, maana yake bado ina nishati nyingi, basi kwa nini hamira iliyomo kibuyuni mwa mgema huitoa nje badala ya kuitumia? Swali lako limenisumbua wiki nzima, kwa sababu jibu ambalo nimekuwa nikiwapa wanafunzi wangu, kwamba hamira hutengeneza alkoholi ili ipate nishati, si sahihi. Nishati huwa imekwisha kupatikana kabla alkoholi haijatokea.

Seli huipasua molekuli moja ya glukosi, yaani sukari, kuwa vipande viwili viitwavyo pairuveti, na kwa kazi hiyo hubakiwa na faida ya ATP 2 (ATP ni molekuli inayobeba nishati ya kutumiwa na seli), bila kuhitaji oksijeni hata kidogo. Lakini katika kupasua huko hutolewa haidrojeni, ambayo hubebwa na molekuli ziitwazo NAD, na hizo NAD ni chache. Zifikirie kama makuli wa bandarini: kuli mwenye gunia mgongoni hawezi kupokea la pili mpaka alitue la kwanza. Oksijeni ikiwapo, mzigo huishia kwake ndani ya mitokondria, vile viungo vidogo vya seli vinavyozalisha nishati, na mavuno ya glukosi moja hufikia takriban ATP 30. Isipokuwapo, makuli wote hubaki wamebeba, na upasuaji wa sukari husimama.

Hapo ndipo uchachushaji unapofanya kazi yake, nayo ni kuwatua makuli mizigo. Hamira huiondolea pairuveti kabonidayoksaidi, ndiyo lile povu unaloliona kibuyuni, kisha hukipa kilichobaki ile haidrojeni, nacho kikageuka alkoholi. Msuli wa mtu anayekimbia kwa kasi huipa pairuveti yenyewe haidrojeni, ikawa asidi iitwayo laktiki. Chembe nyekundu za damu, ambazo hazina mitokondria, huishi kwa njia hiyo daima.

Kwa kuwa faida ni ndogo, seli hulazimika kula sana, na mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur aliona kwamba hamira iliyonyimwa hewa humaliza sukari kwa haraka zaidi kuliko iliyopewa. Yeye aliamini kwamba kazi hii haiwezekani bila seli hai, mpaka mwanakemia Mjerumani Eduard Buchner alipoonyesha mwaka 1897 kwamba maji yaliyokamuliwa kutoka kwenye hamira iliyosagwa bado huichachusha sukari. Vimeng'enya, yaani protini zinazoharakisha kazi za kikemia, peke yake vilitosha, na ugunduzi huo ulimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1907. Ndani ya tembo hupatikana pia bakteria aitwaye Zymomonas, ambaye huambulia ATP 1 tu kwa kila glukosi. Hebu fikiria anavyopaswa kuharakisha!

Ama ile nishati uliyoiona ikiwaka, liache tembo wazi siku kadhaa, ulionje. Litakuwa siki, kwa kuwa bakteria wengine, ambao wao hawawezi kuishi bila oksijeni, wameikuta alkoholi iliyotupwa na kuivuna.

Nisalimie watoto, na usichelewe kuniandikia.

Wako akupendaye,
Mwalimu mwenzako