Wanawake wa Khedive Ismail waandikwe kwa majina, na wasiandikwe peke yao

Bwana Mhariri,

Kila ifikapo Jumapili ya pili ya Novemba, mashada ya maua huwekwa kwenye makaburi ya vita na kwenye sanamu za askari, na hotuba huwa za wanaume. Sisi tunaofuatilia rejesta za waliokufa vitani twaomba nafasi kidogo katika gazeti lako tuwaseme wanawake waliopanda meli hapa Kilindini mwanzoni mwa Februari 1944, wakielekea Colombo, wasifike. Likitajwa wazo la kuwawekea jiwe mjini, mazungumzo huanzia kwenye sanamu na gharama. Yafaa yaanzie kwenye majina, kwa sababu huko ndiko kazi hizi huharibikia.

Meli yenyewe ni Khedive Ismail, iliyokuwa mali ya Misri kabla Waingereza hawajaichukua kwa ajili ya vita. Ilikuwa katika msafara wa meli tano, KR 8, ukilindwa na manowari Hawkins, Petard na Paladin. Jumamosi tarehe 12 Februari 1944, kama saa nane na nusu mchana, karibu na visiwa vya Maldivi, nyambizi ya Kijapani I-27 iliipiga kwa topido mbili. Meli ilizama kwa muda usiofika dakika mbili. Wengi walikuwa chini ya sitaha, na kwa muda huo hata mtu mwepesi hakuwa na njia ya kupanda juu. Melini mlikuwa na watu 1,511. Walikufa 1,297, wakapona 214. Waliopona, wanawake walikuwa 6 tu. Wanawake waliokufa walikuwa 77: wauguzi wa jeshi, mabinti wa jeshi la majini waitwao Wrens, na wanawake wa kikosi cha kujitolea kiitwacho FANY. Katika historia ya majeshi ya Jumuiya ya Madola hapajatokea siku moja wala tukio moja lililochukua wanajeshi wanawake wengi kuliko hilo.

Kuna makosa matatu yanayojirudia kila hadithi hii inaposimuliwa. La kwanza ni kuiita meli ya hospitali, kwa kuwa ilibeba wauguzi. Haikuwa. Ilikuwa meli ya kubeba askari, haikuwa na alama ya msalaba mwekundu wala kinga inayopewa meli za hospitali, na jiwe likiandika vinginevyo litakuwa limebadilisha hata aina ya shambulio lenyewe. La pili ni kusema ilizamishwa Mombasa, au "nje ya Kilindini". Hapa ni ilikotoka; ilizama siku kadhaa baadaye, mbali kabisa na pwani yetu. La tatu ni kuwaita wote 77 Waingereza, ilhali wengine waliandikishwa huku huku Afrika. "Wanawake waliokuwa katika utumishi wa jeshi" ni maneno marefu, lakini ni ya kweli.

Sasa majina. Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoundwa mwaka 1917, ina rejesta iliyo wazi kwa yeyote mwenye intaneti. Anayeanza huandika jina la meli kwenye kisanduku cha kutafutia, akapata wachache, akadhani orodha imekamilika. Rejesta haikupangwa kwa meli. Tafuta kwa tarehe ya kifo, 12 Februari 1944, kisha chuja kwa kikosi, kimoja kimoja: wauguzi wa Queen Alexandra kwanza, yaani kikosi cha wauguzi cha jeshi la nchi kavu, kisha wauguzi wa akiba, Wrens, FANY. Pakua kila jawabu kama jedwali, uyaunganishe baadaye. Usichuje kwa mahali pa kumbukumbu, kwa sababu watu hawa wametawanywa. Wauguzi waliotoka Uingereza wamo kwenye ukuta wa Brookwood, katika jimbo la Surrey, pamoja na wengine wa jeshi la nchi kavu wasio na kaburi linalojulikana. Wrens huandikwa kwenye kumbukumbu za jeshi la majini. Waliokufa pamoja kwa dakika mbili, karatasi zimewatenga.

Jedwali likishaungana, matatizo madogo ndiyo hula muda. Baadhi ya maingizo yana herufi za mwanzo tu, na kwa herufi hizo huwezi kujua kama ni mwanamke au mwanamume. Kinachokuonyesha ni kikosi. Majina yanayoanza na Mac na Mc hupangwa kwa namna tofauti katika orodha tofauti, ndipo mtu mmoja huhesabiwa mara mbili. Wako walioolewa vitani, ambao barua za nyumbani zina jina moja na rejesta ina jingine, fuata rejesta. Na vyeo visifasiriwe. Neno "Sister" mbele ya jina la muuguzi ni cheo chake cha kazi. Mfasiri asiyejua ataandika "Dada", na mwenye haraka zaidi ataandika "Mtawa", na hapo mabinti wa watu watakuwa wametiwa utawani na fundi wa mawe. "Wren" nalo ni cheo, libaki lilivyo.

Huulizwa pia kama hawa walikuwa wanajeshi kweli. Kwa sheria za Uingereza, wanawake wa jeshi la nchi kavu na la anga walipewa hadhi kamili ya kijeshi mwaka 1941, lakini Wrens hawakuwekwa chini ya sheria ya nidhamu ya jeshi la majini hadi 1977. Tume haikungoja 1977, iliwaandika. Kwa Vita vya Pili, Tume hutambua vifo vya kuanzia tarehe 3 Septemba 1939 hadi 31 Desemba 1947, kwa hiyo mwanamke aliyefariki kwa maradhi akiwa kazini baada ya vita kwisha naye huhesabiwa. Watakaofanya uchunguzi katika makaburi ya Mbaraki wasiishie 1945.

Uingereza kwenyewe kuna mifano miwili ya kutazama kabla hatujachora chochote. Katika kanisa kuu la York, dirisha la Five Sisters lilizinduliwa upya tarehe 24 Juni 1925 kwa ajili ya wanawake wa himaya waliokufa katika Vita vya Kwanza, na kando yake kuna mbao za mwaloni zenye majina yao, zaidi ya 1,400. Mjini London, pale Whitehall, mwaka 2005 ilisimamishwa kumbukumbu ya wanawake wa Vita vya Pili: bonge la bronzi lililotundikwa mavazi 17 ya kazi, bila jina hata moja. Ya pili hupigwa picha zaidi. Sisi twaona ya kwanza ndiyo iliyofanya kazi. Asiyekuwapo na lake halipo, na jina ndilo pekee la hawa linaloweza kuwapo.

Kuhusu jiwe, hewa ya Mombasa haina msamaha, na vibao vingi mjini vimekufa kabla ya waliovizindua. Chuma cha kawaida kitalia kutu ukutani baada ya mvua za mwaka mmoja. Hata chuma kisichoshika kutu kina madaraja: la 304, linalouzwa kwa wingi, hutoka madoa ya rangi ya chai karibu na bahari, angalau liwe la 316. Shaba ya njano ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na chumvi huila zinki polepole hadi kibao kinageuka chekundu na kuvunjika kama biskuti. Bronzi, yaani shaba na bati, hudumu, ila huhitaji skrubu za bronzi pia, maana skrubu ya chuma ikigusana nayo ndiyo itakayolika. Na bronzi ina adui mwingine, naye ni mnunuzi wa vyuma chakavu. Jiwe la matumbawe ni zuri kwa macho na ni letu, lakini lina vinyweleo, hunywa chumvi na halishiki herufi ndogo. Litumike kwa ukuta, lijengewe chokaa badala ya saruji ngumu inayolipasua. Marumaru huchakaa uso na herufi kufifia.

Hubaki graniti nyeusi iliyosuguliwa, herufi zikichongwa kwa mchanga wa kupulizwa hadi kina cha milimita 2 au 3, bila rangi. Rangi ndani ya herufi hupendeza siku ya uzinduzi, kisha hubambuka kwa zamu, na jina hubaki nusu. Herufi zisipungue milimita 12 kwa urefu. Chini ya hapo mzee mwenye miwani hasomi akiwa hatua tatu. Mstari mmoja na nafasi yake huchukua milimita 20. Mistari 26 ni sentimita 52, ukiongeza ukingo wa sentimita 4 juu na chini unapata bamba la sentimita 60. Upana wa sentimita 40 unatosha jina refu pamoja na cheo. Kwa unene wa sentimita 3, bamba moja lina uzito wa karibu kilo 20, watu wawili hulibeba bila mashine. Majina 77 yataingia katika mabamba matatu: 26, 26 na 25.

Mabamba madogo yana faida nyingine: jina likikosewa, hubadilishwa bamba moja. Kosa kwenye graniti halifutiki. Kabla fundi hajagusa jiwe, achape karatasi ya ukubwa halisi, watu wawili wakae nayo. Mmoja asome rejesta herufi kwa herufi, mwingine afuate kwa kidole, wakianzia jina la mwisho kwenda la kwanza. Kusoma kinyume hivyo kunalizuia jicho kukisia. Asiyeijua kazi huona ni kupoteza asubuhi nzima.

Lakini mabamba matatu peke yake hatuyakubali, na hili ndilo lililotufanya tuandike. Abiria wengi wa meli ile walikuwa wa Kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki: watu 996 walipanda, wengi wao vijana wetu. Waliokufa miongoni mwao wameandikwa Nairobi, kwenye ukumbusho ulio ndani ya makaburi ya vita ya barabara ya Ngong, na hapa, walikopandia meli, hawajulikani. Mwaka 2021 Tume yenyewe ilitoa ripoti ikikiri kwamba katika Vita vya Kwanza watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu yetu ya askari mjini ni sehemu ya historia hiyo: ina heshima, haina majina. Tukisimamisha leo jiwe la Kilindini lenye wauguzi na Wrens bila wapiga mizinga waliozama nao, tutakuwa tumeirudia hesabu ile ile kwa mikono yetu.

Hesabu yenyewe haitishi. Waliobaki ni 1,220, yaani mabamba 47. Jumla ni mabamba 50, takriban tani moja ya graniti. Yakipangwa safu tatu, 17 kwa kila safu, ukuta utakuwa na urefu wa mita 6.8 na kimo cha mita 1.8 juu ya msingi wake, na nafasi moja itasalia kwa maelezo ya Kiswahili na Kiingereza. Wapangwe kwa vikosi, kama ilivyo desturi ya Tume, kila kikosi kwa alfabeti, herufi zote ukubwa mmoja. Majina ya wapiga mizinga yahitaji jicho la mtu wa hapa, kwa kuwa makarani wa wakati ule waliyaandika kwa masikio yao. Asirekebishe kwa kukisia. Penye shaka abakishe ya rejesta na aweke swali katika daftari la kazi.

Mahali panapofaa ni Mama Ngina Drive, ambako kila meli inayotoka Kilindini hupita mbele ya macho. Ruhusa ziombwe kwa Kaunti na kwa Makumbusho ya Taifa mapema, kabla ya kuagiza jiwe, kwani Sheria ya Makumbusho na Urithi ya 2006 inayalinda maeneo mengi ya pwani na msingi wa ukuta ni uchimbaji. Uso wa majina ugeuzwe upande wa mjini, mgongo uelekee baharini. Kusi likivuma kuanzia Aprili hurusha chumvi moja kwa moja kutoka bahari kuu, na hata graniti hufunikwa ukungu mweupe usioruhusu kusoma. Kuosha ni kwa maji baridi na brashi laini mara nne kwa mwaka. Siki, ndimu na asidi ya vigae visikaribie kabisa.

Na siku ya ukumbusho isiwe ya Novemba. Iwe tarehe 12 Februari, kaskazi ikiwa bado inavuma na bahari imetulia. Kusoma majina yote 1,297, kwa sekunde nne kila jina, huchukua karibu saa moja na nusu. Yagawanywe kwa wasomaji kumi, na turubai lifungwe tangu asubuhi, maana saa nane na nusu jua la Februari huwa bado kali.

Ni sisi wasomaji wako,
Mombasa