Pimeni mashine kwanza ndio mumlaumu fundi

Mhariri, habari za kazi. Naomba nafasi kidogo kwenye ukurasa wa barua nitoe dukuduku langu, manake nikiongea karakana naonekana mlalamishi tu.

Hivi kwa nini kazi ikitoka mbovu wa kwanza kuitwa ofisini ni fundi? Shafti imetoka na tepa, upande mmoja mnene upande wa pili mwembamba, basi fundi hajui kazi, fundi kalewa, fundi akatwe hela. Hakuna anayeuliza ile lethi, mashine ya kukerezea, mara ya mwisho ilipimwa lini. Ukiuliza wewe unajibiwa mashine ni nzima, si inawaka? Yani kuwaka ndio uzima! Mashine inaweza kuwaka vizuri, ikanguruma vizuri, na bado inapotea kidogo kidogo, leo mikroni 5 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), mwakani 20, mpaka siku mteja anarudisha mzigo wote.

Wenye karakana wengi hawajui kwamba kitanda cha lethi, zile reli zinazobeba kisu kikitembea, hakiliki sawasawa. Kazi nyingi ni fupi, zinafanyika karibu na chaki, yale mataya yanayoshika na kuzungusha kazi, kwa hiyo pale ndipo panasagika na kule mwisho kunabaki karibu kama kulivyotoka kiwandani. Dalili yake hata haihitaji kifaa, sogeza kereji, kile kibebeo cha kisu, kwa mkono toka kwenye chaki mpaka mwisho, ukiona karibu na chaki inateleza mpaka inacheza alafu kule mbali inakuwa nzito, ujue kitanda kimeliwa. Sasa watu hapo wanakaza skrubu za kereji ili isicheze, wakiipeleka mwisho inakwama, wanalegeza tena, na mchezo unaendelea hivyo miaka.

Kuna na kipimo cha pete mbili, hiki nakipenda sana kwa sababu hakina gharama. Shika kipande cha chuma kinene kwenye chaki bila kukishikilia kule mwisho, kikereze kibaki na pete mbili, moja karibu na chaki moja mbali, alafu pitisha kisu kidogo sana kwenye pete zote mbili bila kugusa mkono wa kuingiza kisu, kisha pima kwa maikromita. Zikitofautiana, ama kichwa cha mashine, kile kinachobeba chaki, hakijakaa sambamba na kitanda, ama mashine imekaa vibaya sakafuni na kitanda kimejipinda. Hilo la pili ndilo nakutana nalo zaidi, na dawa yake ni kurekebisha bolti za miguu ukiwa na pimamaji ya mashine, sio ya mwashi jamani. Na hiyo maikromita nayo ihakikiwe kabla.

Joto nalo lisisahauliwe. Chuma cha urefu wa mita 1 kinarefuka karibu mikroni 12 kwa kila nyuzi moja ya joto, ndio maana vipimo vya viwandani vinahesabiwa kwenye nyuzi 20. Anayepima mashine ya CNC, ile inayoendeshwa na kompyuta, asubuhi ikiwa baridi akaja kulinganisha na vipimo vya mchana spindo, ule mhimili unaozunguka, ikiwa imeshachemka, huyo anapima joto tu.

Lakini kinachoniuma zaidi ni kutoandika. Weka dayo geji, ile saa ya mshale yenye stendi ya sumaku, zungusha spindo kwa mkono, mshale unacheza mikroni 8. Ni nzuri au mbaya? Hujui! Ila kama daftari linaonyesha 3, 3, 4, alafu ghafla 8, unaagiza beringi mapema kabla haijafia katikati ya kazi. Siku hizi watu wananunua sensa za mtetemo za kubandika kwenye mashine, sipingi, beringi inayoanza kuchoka mara nyingi inaonekana kwenye mtetemo kabla sikio halijasikia, ila kama hakuna anayezisoma hizo namba basi umenunua pambo.

Na haya sio mambo mapya ya kututisha. Mjerumani Georg Schlesinger alishatoa kitabu cha kupimia mashine mwaka 1927, na leo kuna viwango vya kimataifa vya ISO 230 vinavyoeleza kila kipimo kinafanywaje. Kwa karakana ndogo hata robo ya hivyo inatosha, asubuhi moja kwa mwezi, dayo geji, kipande cha chuma na daftari.

Wanaonunua mashine mtumba nao wadai karatasi ya vipimo, ikikosekana waende na dayo geji yao wenyewe kabla hawajatoa hela. Ikiwa imepigwa rangi mpya ndio waongeze macho, hasa pale karibu na chaki.

Ni mimi msomaji wenu, fundi mkerezaji.