Kabla ya Kununua Spika za Bei, Tazama Kwanza Sebule Yako

Mwezi uliopita mzee mmoja wa Mbezi Beach alitupigia simu hapa dukani kwetu akiwa na hasira kweli. Alikuwa ametoa milioni nane na ushee kwenye duka jingine kwa spika mbili za kusimama, ndefu kufika kifuani, na kila akiweka taarab sauti ya mwimbaji inamezwa na besi inayounguruma kama jenereta la jirani. "Mwanangu," akaniambia, "nimeuziwa spika mbovu."

Nilipofika, baada ya shikamoo na maji ya kunywa, sikugusa spika. Nilisimama katikati ya sebule nikapiga kofi moja. Baada ya kofi kikabaki kimlio chembamba, kama cha waya uliokwaruzwa, kikirudi kutoka ukuta hadi ukuta. Sakafu marumaru, kuta plasta tupu, dari jipsamu, upande mzima wa mbele vioo na alminiamu. Spika zenyewe hazikuwa na ubovu wowote. Zilikuwa zimesukumwa kwenye kona mbili za chumba cha mita nne kwa nne, migongo imegusa ukuta.

Kila chumba kina mlio wake. Kuta zilizoachana mita nne huitikia sauti ya karibu hezi 43, yaani mitetemo 43 kwa sekunde, kwa sababu nusu ya wimbi la sauti hiyo inaingia pale kamili. Hapo ni jirani kabisa na noti ya chini ya gitaa la besi. Chumba kikiwa mraba, urefu na upana vinaunguruma noti ileile, na kona inaizidisha tena. Mpigaji akigusa noti hiyo, nyumba nzima inavimba, huku ala za nyuzi kama udi na kanuni zikipotea.

Tulichofanya kilichukua mchana mmoja. Tulizivuta spika sentimita 70 kutoka ukutani, tukazitoa kwenye kona na kuzigeuza kidogo zielekee kwenye kochi. Mama mwenye nyumba akatoa zulia nene lililokuwa limekunjwa chumbani, tukalitandika kati ya kochi na spika. Mapazia mepesi tukayabadilisha na mazito. Mzee akaweka taarab yake ileile, akakaa kimya wimbo mzima, mkono kwenye goti. Mngurumo haukuisha wote, maana mraba ni mraba, lakini mwimbaji alikuwa amerudi katikati ya chumba.

Ndiyo maana mteja akiingia dukani kwetu hapa Sinza na kuuliza spika ipi ni kali kuliko zote, tunamwuliza sebule yake ina ukubwa gani. Kwa vyumba vingi vya hapa Dar, spika ndogo iliyotengenezwa vizuri, juu ya stendi imara, inashinda spika ndefu ya kusimama ya bei mara mbili. BBC walipohitaji spika ya kusikilizia kazi zao ndani ya magari ya kurushia matangazo ya redio na televisheni, miaka ya 1970, walibuni LS3/5A, kiboksi cha sentimita 30 tu kwenda juu. Hadi leo watu wanaitafuta. Haitikisi madirisha, lakini sauti ya binadamu inaitoa kama mtu yupo mbele yako.

Kwenye amplifaya, tafadhali usidanganywe na wati zilizochapwa kwenye boksi la sabufa. Soketi ya volti 230 na ampea 13 haitoi zaidi ya wati 3,000 hivi, kwa hiyo wati elfu kumi zitatoka wapi? Namba ya kutazama ni desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, ambazo spika inatoa kwa wati moja, ukiwa umbali wa mita moja. Kila desibeli 3 zinazopungua zinadai nguvu mara mbili. Kama wati 10 zinaitosha spika ya desibeli 90, ile ya desibeli 84 itataka 40. Angalia na omu pia, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme: spika ya omu 4 inavuta umeme mwingi kuliko ya 8, na amplifaya dhaifu itachemka.

Jambo la mwisho ni hewa yetu ya pwani, na hili linaniuma kwa sababu nimeona watu wengi wakipoteza hela. Spika nyingi za mtumba zina ukingo wa sponji kuzunguka koni, ile sehemu inayotikisika kutoa sauti. Joto na unyevu vinaila taratibu. Ukiibonyeza polepole kwa kidole inabaki unga mweusi kwenye ncha. Chagua yenye ukingo wa mpira. Kama unakaa karibu na bahari, kagua pia vifungio vya nyaya nyuma ya spika kila baada ya miezi michache. Vikianza kuota ukijani, visafishe.

Ukija, njoo na vipimo vya sebule, picha mbili tatu za simu, jina la amplifaya yako na wimbo unaoujua kwa moyo. Tutakupa spika jozi mbili ukae nazo nyumbani kuanzia Ijumaa hadi Jumatatu, kwa amana inayorudishwa. Uamuzi ufanyie hapo, ukiwa umekaa kwenye kochi lako.