Mashahidi Wawili au Watatu: Barua kwa Vijana wa Haki na Amani, Kadutu

Wanangu wapendwa, wasichana kwa wavulana,

Tumsifu Yezu Kristu.

Karatasi yenu ya ombi ilinifikia, nikaisoma hadi mwisho, na kesho yake nikairudia. Mnataka iende kwa wabunge wa Ulaya na Marekani, kwa makampuni yanayotengeneza simu, na kwa parokia rafiki za Ubelgiji, ili watu wa huko wajue koltani, yale madini yanayoingia katika simu, na dhahabu ya Kivu, hapa mashariki mwa Kongo, vinapatikana kwa taabu gani. Mmetuomba sisi wazee tutie sahihi. Ninawajibu hadharani kwa sababu vijana wa makanisa mengine hapa Bukavu nao wanaandaa maombi ya namna hii, na neno nililo nalo ni lao pia.

Wapo wanaowaambia kwamba kazi ya mkristu ni kusali, mambo ya madini yaachiwe wanasiasa. Hao sitawajibu kwa kirefu. Amosi alikuwa mchunga kondoo, na alichokisema kwa jina la Mungu kilihusu mizani ya udanganyifu na maskini wanaouzwa kwa bei ya viatu. Mwezi Mei 1998, watu wapatao 70,000, Wakristu wengi wakiwa kati yao, walishikana mikono katikati ya mji wa Birmingham, Uingereza, wakati viongozi wa nchi tajiri wanakutana pale. Walidai nchi maskini zifutiwe madeni, na wazo lao walilitoa katika mwaka wa Jubilei wa kitabu cha Walawi. Mwaka 2010 Kongo yetu nayo ilisamehewa zaidi ya dola bilioni 12, sehemu kubwa ikiwa ni deni tuliloachiwa na rais wa zamani Mobutu. Mtu asiwaambie kwamba sauti za waumini hazifiki popote.

Neno langu ni jingine. Anayedai haki kwa jina la Kristu amesimama kama shahidi, na shahidi anafungwa na amri: usimshuhudie jirani yako uongo. Amri hiyo haina msamaha kwa anayetetea jambo jema. Tena katika Kutoka sura ya 23, mistari michache tu kabla ya kutuonya tusipotoshe haki ya maskini, Mungu anatukataza kumpendelea maskini katika kesi yake. Nimefundisha katekisimu muda mrefu, na mstari huo naona watu wengi wanauruka. Maskini hahitaji tumwongezee chumvi. Aliyotendewa yanatosha.

Sasa tufungue karatasi yenu.

Ukurasa wa kwanza mmeweka picha ya mtoto aliyesimama majini, na chini yake mmeandika: "Mchimbaji wa koltani, Numbi." Picha hiyo nilimwonyesha ndugu mmoja wa shirika letu ambaye kweli amechimba Numbi, kule machimboni Kalehe. Aliitazama kidogo tu, akaniambia: "Mwalimu, hawa wanatafuta almasi. Ona anavyozungusha chekeche la duara. Sisi koltani tunaiosha mferejini kwa koleo. Maji yanabeba udongo, mawe mazito yanabaki chini." Kisha akanieleza mambo ambayo hayamo katika karatasi yenu: kwamba bei ya kilo anaitaja mnunuzi, mchimbaji anapokea, kwamba gunia linafungwa kitambulisho cha plastiki chenye namba, cha kuonyesha limetoka shimo safi, lisiloshikwa na watu wenye silaha, na kwamba yeye mwenyewe ameona vitambulisho hivyo vikiuzwa. Huyo ndiye shahidi wenu, na anakaa dakika chache kutoka mnapokutana! Mtoto wa kwenye picha anateseka kweli, sikatai. Lakini hakuteseka Numbi. Mtu wa Bruseli akiitambua picha hiyo, ataliweka pembeni ombi zima, na Numbi italala humo humo ndani ya droo.

Linganisheni na picha nyingine. Mwaka 1904, huko Baringa upande wa Equateur, mmisionari Alice Seeley Harris alimpiga picha baba mmoja aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, ameketi barazani akitazama mkono na mguu wa binti yake wa miaka mitano, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira. Picha ile ina jina la baba, jina la mtoto na jina la kijiji. Ilionyeshwa makanisani Uingereza na Marekani, na watu wa Mfalme Leopold II wa Ubelgiji, aliyeitawala Kongo kama mali yake mwenyewe, hawakuweza kuifuta. Miaka mitano kabla yake, katika Kasai, mchungaji William Sheppard, Mmarekani mweusi wa kanisa la Presbiteri, aliingia kambi ya askari waliotumwa kukusanya kodi, akakuta mikono ya watu inakaushwa juu ya moto. Hakwenda kuandika "mikono mingi mno". Aliihesabu: 81. Mwaka 1909 alishtakiwa Léopoldville na kampuni ya Kasai kwa maandishi yake mengine juu ya mateso ya Wakuba, wenyeji wa Kasai, na mahakama ikamwachia. Katikati ya hapo, mwaka 1908, Leopold alikuwa amekwisha kunyang'anywa Kongo. Ubelgiji iliyoichukua haikuwa malaika, ninyi mmesoma historia. Lakini utawala ule wa mikono iliyokatwa uliangushwa kwa sehemu kubwa na waumini walioandika walichokiona, kwa majina na hesabu.

Hesabu. Ukurasa wa pili mmesema watu milioni 10 "wameuawa kwa risasi na mapanga" kwa ajili ya simu. Mmeitoa wapi? Shirika la International Rescue Committee lilitangaza mwaka 2008 makadirio yake: vifo milioni 5.4 vilivyozidi vile vya kawaida, tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007. Wapo wataalamu waliopinga hesabu hiyo wakiona ni kubwa mno. Na hao waliohesabu walisema wazi kwamba wengi walikufa kwa malaria, kuhara, nimonia na utapiamlo. Labda mnaona hilo linapunguza uzito wa kesi. Mimi naona linauongeza. Anayempiga mtu risasi anaweza kusema ilikuwa vita. Lakini mtoto aliyekufa kwa malaria kwa sababu zahanati iliporwa na mama yake yuko porini tangu majuma matatu, huyo anamshtaki kila mtu: aliyepora, aliyemtuma, aliyenunua mali, na serikali isiyorudisha dawa. Andikeni hivyo. Ni kweli, na ni vigumu zaidi kuikimbia.

Mnataka mfano wa karibu? Ripoti ya Umoja wa Mataifa ambayo hapa sote tunaiita Mapping, iliyotolewa tarehe 1 Oktoba 2010, ina matukio 617 ya ukatili mkubwa kati ya 1993 na 2003. Kwa kila tukio walitafuta vyanzo visivyopungua viwili visivyotegemeana. Ni sheria ya Musa ile ile: neno lithibitike kwa mashahidi wawili au watatu. Daktari Mukwege alipopokea tuzo ya Nobeli kule Oslo, Desemba 2018, aliitaja ripoti hiyo mbele ya dunia nzima, akasikitika kwamba inaota ukungu kwenye droo huko New York. Aliweza kusema vile kwa sauti ya mtu asiyeogopa kuulizwa, kwa kuwa mwenyewe ameshona majeraha ya wanawake waliobakwa katika hospitali ya Panzi, hapa Bukavu, tangu 1999.

Kuna jambo jingine, na hili ninalisema kama mwalimu. Mwishoni mwa ombi mnadai Ulaya na Marekani "waache kabisa kununua madini ya Kivu". Ninyi mlikuwa wadogo, wengine hamjazaliwa, mwaka 2010, Marekani ilipopitisha ile sheria ya kuyadai makampuni yaeleze madini yao yanatoka wapi. Huku kwetu iliitwa sheria ya Obama. Waliopigania sheria hiyo walikuwa watu wema, wengi wao wa makanisa. Septemba mwaka huo huo Rais Kabila akasimamisha uchimbaji wote wa mikono Kivu na Maniema, na ilipofika Machi 2011 aliporuhusu tena, wanunuzi wengi wa nje walikwisha kwenda zao. Nilikuwa nafundisha Kalehe. Darasa langu la sita lilipungua benchi baada ya benchi, kwa kuwa baba hana shimo, mama hana wateja sokoni, na minervali, yaani karo ya shule, hailipiki. Niliwafuata nyumbani. Wavulana wawili nilielezwa wamejiunga na kundi la silaha kule juu. Watu wenye bunduki walibaki na njia zao za usiku. Aliyebanwa ni yule aliyekuwa akiuza mchana. Sisemi sheria ile ilikuwa mbaya yote. Nasema hakuna aliyekwenda kumuuliza mchimbaji kabla ya kuiandika. Na ninyi mnaoweza kumuuliza kwa Kiswahili, kwa Kihavu au kwa Kishi, mkirudia kosa hilo mtakuwa na kisingizio gani? Nendeni mkamuulize anataka nini: bei ya haki, njia isiyo na vizuizi vya askari, ushirika wenye mizani yake wenyewe. Aliyotaka yeye ndiyo yawe madai.

Ukurasa wa tatu una sentensi nitakayoikataa hata mkibaki na nyingine zote: ile inayosema Wanyarwanda wote ni wezi. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika, ripoti baada ya ripoti, juu ya madini yetu yanayovushwa kwenda Rwanda na juu ya jeshi la Rwanda kuwasaidia waasi wa M23. Yaandikeni hayo, mtaje na ripoti. Lakini mkisema "wote", mmemtia humo mama anayevuka Ruzizi na beseni la nyanya, mmemtia na jirani yetu Mkongomani ambaye uso wake tu, kwa kudhaniwa Mnyarwanda, umeshamponza mara nyingi. Askofu mkuu wetu Munzihirwa aliyepigwa risasi pale Nyawera, hapa mjini, tarehe 29 Oktoba 1996 alikuwa amewatetea wakimbizi wa Rwanda mbele ya dunia, wakati mji umechoka nao, na aliwakemea pia askari wa Mobutu waliokuwa wakipora raia wake. Aliyemfuata, Askofu mkuu Kataliko, katika ujumbe wake wa Noeli 1999 aliyataja mataifa ya kigeni yanayotumia mali ya nchi yetu kuendesha vita, na hapo hapo akawataja ndugu zetu Wakongomani wanaoshirikiana nayo. Kwa maneno hayo alifukuzwa mjini miezi saba. Angeweza kuwaacha ndugu pembeni, na hapa mjini angeshangiliwa zaidi. Hakuwaacha.

Katika ombi lenu ndugu hawamo. Hakuna hata mstari mmoja juu ya afisa wetu anayepokea bahasha mpakani. Hapo mkumbukeni Floribert Bwana Chui wa Goma, kijana wa miaka 26, mfanyakazi wa kukagua bidhaa mpakani, aliyekataa rushwa ili kupitisha chakula kilichoharibika, akauawa Julai 2007. Tarehe 15 Juni 2025 alitangazwa Mwenye Heri kule Roma. Dunia nzima ilimtambua kwa kazi aliyoifanya kwenye meza moja ya ofisi. Baadhi yenu mna baba na wajomba kwenye meza kama ile. Zungumzeni nao kabla hamjamwandikia mbunge wa Ulaya.

La mwisho ni orodha ya sahihi. Mmechora safu: jina, avenue, namba ya simu. Tangu M23 walipoingia Bukavu Februari 2025, karatasi ya namna hiyo ikianguka mikononi mwa mtu mbaya ni orodha ya nyumba za kutembelewa usiku. Iondoeni. Kama kuna nyingine zinazozunguka, zikusanyeni leo, na picha zake mzifute kwenye simu zenu zote, na kwenye makundi ya WhatsApp. Mchimbaji wa Numbi na wenzake msiwataje jina wala shimo. Maneno yao yaandikeni, majina yao ayashike padri peke yake. Nilisifu majina hapo juu, najua. Lakini Nsala alikuwa na mmisionari mwenye pasipoti ya kizungu wa kusimama mbele yake. Huyu wa kwetu hana, na jina lake ni lake mwenyewe kulitoa.

Mbele ya ombi pasimame majina ya wazee. Nimekwisha kuzungumza na wenzangu wawili wa shirika na mchungaji mmoja jirani, wamekubali. Sisi watoto wetu wamekua, na tuliyoishi yanatutosha. Jumamosi baada ya misa ya asubuhi nitakuwa kwenye chumba cha katekesi na ndugu yule wa Numbi, naye amekubali kuwaelekeza jinsi koltani inavyotoka shimoni mpaka inunuliwe. Njooni na daftari, simu mziache nyumbani. Ukurasa wa pili na wa tatu tutauandika upya pamoja, kisha nitatia sahihi.

Mwalimu wenu wa Kadutu